Ile Vierge, Unichungie

Kwa miaka ishirini na mitano nimemfuta vumbi Bikira Maria wa plasta kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilijiona mtu mwaminifu. Naanza na hilo usije ukadhani mimi ni mzembe. Wazembe nimewajua wengi katika redio yetu hapa Likasi: walioacha madirisha wazi mvua ikinyesha, aliyeweka chupa ya mawese juu ya kaseti za kwaya na kwenda zake kula. Mimi sikuwa mmoja wao. Naitwa Philomène, Mama Philo kwa walionizoea, na chumba cha bande kimekuwa mikononi mwangu tangu mwaka 1996.

Bande ni ule utepe wa zamani wa kurekodia sauti, unaozungushwa kwenye gurudumu la ukubwa wa sahani. Tulikuwa nazo mia nne na sita, kila moja ndani ya boksi lake, kwenye rafu za mbao. Humo mna misa, hotuba, vipindi vya wakulima, matangazo ya vifo, kwaya ambazo waimbaji wake nusu wameshazikwa. Wakurugenzi waliopita hapa waliniuliza jambo moja tu: hivi vitu vitaondoka lini ili chumba kiwe ofisi? Niliwajibu nilivyowajibu, na ndiyo maana sikupandishwa cheo hata mara moja.

Mwaka jana wakaja watu wa Kinshasa. Walisema nchi inataka kuokoa sauti zake kabla utepe haujaoza. Nikawaambia wamechelewa miaka thelathini lakini karibuni. Walituachia fundi mmoja, Jean-Luc, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye Kifaransa kingi na Kiswahili cha kuombea maji tu. Alifunga mashine yake mezani kwangu, akaiunganisha na kompyuta, tukaanza kupiga bande moja baada ya nyingine, mimi nikijaza fomu ya kila moja. Fomu ilikuwa na kanuni kali: andika kinachosikika, usiongeze cha kwako. Kanuni hiyo niliipenda sana.

Tangazo lilisomwa kwetu na kwenye redio nyingine mpaka kule Kasai, kwamba mwenye habari za sauti yoyote ya zamani afike. Walifika watu watatu. Wa tatu alikuwa Mama Julie.

Alikuja asubuhi ya Jumanne, amejifunga kitenge cha bluu, miguu imemvimba. Umri wake ni kama wangu. Alikuwa ametoka Mwene-Ditu, kule Kasai, kwa treni, siku tisa njiani. Nilimpa kiti na maji, nikamwacha anywe kwanza.

"Mama, pole na safari. Unatafuta nini?"

"Minye niko natafuta mutoto wangu."

Nikamwambia hapa si polisi. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hunitangulia. Yeye hakukasirika.

"Sauti ya mutoto wangu," akasema. "Aimée. Alikuwa na miaka mine. Papa mumoja wa redio alimurekodi ku gare, mu quatre-vingt-douze. Papa Adolphe."

Kwa asiyejua, mwaka ule wa 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu. Wengi walizaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa. Walitolewa katika nyumba zao, wakajazana kwenye kituo cha treni wiki baada ya wiki, wakilala chini, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka sehemu ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naishi kwa baba yangu aliyekuwa akivunja mawe Kakontwe. Sisi hatukumfukuza mtu. Tulifunga madirisha tu. Jirani zetu walipopita na magodoro kichwani, mama alitukataza kuchungulia, tukakaa gizani mchana tunasikiliza miguu yao. Aibu ile haijanitoka mpaka leo, na wala siombi initoke.

Mama Julie alisimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi peke yake. Nyumba yao ya mtaa wa Kikula ilichomwa na picha zote zikiwa ndani. Wakakaa kituoni siku arobaini na mbili. Treni ilipokuja, Aimée alikuwa tayari na surua. Alifia njiani, kabla ya Kamina, wakamzika kando ya reli wakati treni imesimama.

"Treni ilipiga honi," akasema. "Tulikuwa tungali natupa udongo."

Nikamwongezea maji ambayo hakuyataka.

"Sura yake nakumbuka, Mama. Ile haiendake. Sauti njo iko naenda. Kila mwaka naisikia kidogo. Mwaka huu nilipima kuisikia, sikuipata." Akaweka bilauri chini. "Papa Adolphe alikuya na mashine yake ku gare. Kila muntu alisema jina, na kazi, na kwenye anaenda, juu famille isikie ku redio. Aimée alisema jina yake. Kisha alihesabu mpaka kumi, bila kuombwa! Alikuwa najivunia kuhesabu. Mais saba alikuwa anairuka. Nilimufundisha, nilimufundisha, hapana. Sita, munane. Bantu ba mu gare balicheka, ile siku."

Alicheka yeye pia, kidogo.

"Haikupita ku redio," nikasema. Nilijua. Miaka ile jambo kama hilo lisingepita.

"Haikupita. Papa Adolphe alituambia palepale: bataikataza, mais tutaichunga. Nilimuona anaandika ku boksi, nikamuuliza, Papa, unaandika nini? Akasema, naandika Vierge. Bande ya bule, nani ataiiba? Na tena bamama balikuwa naimbia Mama Vierge ile saa. Basi akaandika Vierge, na V mukubwa."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Neno hilo la Kifaransa lina maana mbili. Vierge ni Bikira Maria. Na bande isiyo na kitu, bande mpya au iliyosafishwa ikasubiri kazi, nayo huitwa vierge. Tulikuwa na rundo lake kwenye rafu ya juu, na juu ya rafu hiyo, tangu kabla sijaajiriwa, amesimama Bikira wa plasta, zawadi ya masista, pua imemeguka.

Papa Adolphe ndiye aliyenifundisha kazi. Aliugua mwaka 1999, akaenda kwa binti yake Lubumbashi, na huko akafa. Siku yake ya mwisho hapa aliingia chumbani kwangu kuaga. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni akitaka funguo. Papa Adolphe alinipa mkono, akaelekeza kidevu kwenye rafu ya juu, akasema, "Philo, ile Vierge, unichungie. Bantu basiguse."

Nikamjibu, "Bila shaka, Papa."

Kama angesema Kiswahili cha vitabu, angesema "ule utepe," nami ningejua ni kitu. Au angesema "yule Bikira," nami ningejua ni Mama wa Mungu. Lakini kwetu Katanga hatuna muda wa mambo hayo. Kwetu ni ile nyumba, ile bande, ile muntu, ile Vierge, vyote ndani ya kapu moja, na tunaelewana vizuri kabisa mpaka siku tusipoelewana. Nilimwona mzee Mkatoliki anayekwenda kufa akinikabidhi sanamu yake. Nililia hata. Na tangu Jumamosi iliyofuata nikaanza kuifuta vumbi. Mfagiaji aliyeigusa nilimfokea mpaka akaomba kuhamishwa.

Mwaka 2004 bande mpya zilikuwa haziji tena. Mimi mwenyewe nilipanda kwenye kiti, nikateremsha zile zilizoandikwa vierge, nikazigawa. Kanuni ni kusikiliza kwanza. Nilisikiliza nne, zikawa tupu. Ya tano sikusikiliza. Mtangazaji wa mpira, Hervé, alikuwa akinipigia simu toka uwanjani kwamba mechi inakaribia kwisha na hakuna kinachorekodiwa. Nakumbuka niliona ile V kubwa. Nikawaza, mzee huyu na madaha yake.

Sasa Mama Julie alikuwa mbele yangu akisubiri, na Jean-Luc alikuwa ameacha kazi yake anatutazama.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Mvua ya 2007 ilituharibia bande thelathini, kila mtu anajua, mtu angeniuliza nini? Ningesema mvua, tungelia pamoja, ningemtafutia chakula na mahali pa kulala, naye angerudi kwao akinibariki. Niliutazama uso wake nikaona kwamba angeniamini. Hilo ndilo lililonishinda.

"Mama," nikasema, "ile bande nilirekodia juu yake. Ni mimi. Si mwingine. Papa Adolphe aliniambia nichunge ile Vierge, nikafikiri anasema ile." Nikamwonyesha sanamu.

Alitazama juu. Alitazama muda mrefu. Bikira alikuwa safi, kama kawaida yake, anang'aa.

"Ulimufuta," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Juu ya kuweka nini?"

"Mechi ya mpira."

"Ya banani?"

"Kikula na Panda."

"Ilimalizika ngapi?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. "Zéro-zéro," nikasema.

Mama Julie alichukua ncha ya kitenge chake akajifunika mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Kama alikuwa analia au anacheka, sikujua, na hata leo sijui. Nilipiga magoti pale sakafuni, mimi na magoti yangu haya mabovu. Hakuniinua. Sikustahili kuinuliwa.

Jean-Luc ndiye aliyeuliza, kwa Kifaransa, bande ile ni ya dakika ngapi. Nikasema nusu saa. Na mechi? Nikakumbuka: si mechi nzima, ni kipande cha mwisho tu, maana tulichelewa. Dakika ishirini na kitu. Akasema basi mwishoni, mechi inapokwisha, mashine iliacha kurekodi. Kilichorekodiwa zamani baada ya hapo bado kipo.

Nilitafuta kama mwehu. Boksi lilikuwa rafu ya tatu, limeandikwa kwa kalamu yangu nyekundu: Mpira, Kikula na Panda, 2004. Chini ya wekundu wangu V ya Papa Adolphe ilionekana wazi kabisa. Mama Julie aliigusa kwa kidole.

Jean-Luc alisema utepe umezeeka, hauwezi kukimbizwa mbele, utakatika. Ilibidi upigwe taratibu tangu mwanzo. Kwa hiyo tulikaa, sisi watatu, tukasikiliza mpira. Hervé alikuwa mtangazaji wa kusifu kila kitu. Alisifu kona zilizotoka nje. Alisifu mbuzi aliyeingia uwanjani. Alitusihi tusiondoke, kwa maana bao liko njiani, na kila aliposema hivyo nilitaka kumkaba. Mama Julie alikaa wima, mikono juu ya mapaja. Alituambia kwamba Papa Adolphe alianza na upande wa bomba la maji, na yeye alikuwa pale, karibu na bomba. Kwa hiyo Aimée alikuwa mwanzoni, palepale ulipo mpira. Nilifanya hesabu kichwani, nikafahamu, na nikamwona kwamba na yeye amefahamu. Aliendelea kukaa.

Filimbi ikalia. Hervé akawashukuru wasikilizaji wote. Mashine ikasema tak.

Ndipo kituo cha treni kikaingia chumbani. Watu wengi, kikohozi, kifuniko cha sufuria, wanawake wakiimba mbali. Sauti ya Papa Adolphe ikasema, karibu kabisa, "Sema, baba." Mwanamume akajibu kwa utulivu, "Minye Mathieu. Soudeur, nachomelea byuma. Natoka Shituru. Naenda Mwene-Ditu, siyui bantu ba kule." Akafuata mama mwenye watoto sita, akawataja wote. Akafuata mzee aliyetaja jina lake tu, kisha akalitaja tena.

Halafu akawa anaongea kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na nyuma yake, mbali na mashine, ikasikika sauti ndogo, nyembamba, yenye furaha:

"Mo—"

Na papo hapo sauti ya msichana, kali kidogo, ya chini:

"Aimée, nyamaza. Papa iko narekodi bengine. Weye ulishamaliza."

Mwalimu akaendelea. Alisema anafundisha darasa la tatu, na alisema majina ya wanafunzi aliowaacha. Mtoto hakusikika tena. Tulisubiri. Tulisikiliza dakika zote zilizobaki, tumekwisha kuinama wote juu ya mashine, na katika dakika hizo mna kukohoa, mna nyimbo, mna behewa linalogongwa nyundo, lakini Aimée hamna. Alikuwa pale. Alikuwa amesimama pale, karibu na sketi ya mama yake, amenyamaza.

Utepe ukaisha, gurudumu likazunguka tupu.

"Alinisikia," Mama Julie akasema. "Ona vile alinisikia. Nilisema mara moja tu." Akamshika Jean-Luc mkono, yeye ambaye hakujua Kiswahili, akamweleza kana kwamba anamtetea mtoto mbele ya mwalimu. "Mara moja tu, Monsieur. Alikuwa mutoto wa kusikia. Alitaka kuhesabu tena, njo vile. Minye njo nilimukataza."

Hapo nililia kwa sauti, mimi ambaye sikuwa na haki.

Aliomba kipande kile mara nyingine. Sasa kilikuwa ndani ya kompyuta, kingeweza kupigwa bila kuumia. Tulikipiga mara tisa au kumi. Kila mara alisogeza uso kabla ya ile "mo", na kila mara msichana yule wa miaka ishirini na kitu akamnyamazisha mtoto. Mwishowe akasema inatosha.

Jean-Luc alimwekea kwenye simu yake. Kisha akanieleza, kwa upole, kwamba kuna programu ya kusafisha, inaondoa makelele ya nyuma ili anayeongea mbele asikike vizuri. Mwalimu angesikika vizuri sana. Nikamwambia akijaribu kusafisha bande hii nitamvunjia kompyuta. Nadhani Kiswahili hicho alikielewa. Alifunga programu.

Ikabaki fomu. Nilichukua kalamu, si nyekundu. Nikaandika: Kituo cha treni, Likasi, 1992. Imerekodiwa na Adolphe. Dakika za mwanzo zimefutwa mwaka 2004 na Philomène, mtunza bande. Nikaandika mechi, maana nayo inasikika. Nikaandika Mathieu, soudeur. Mama na watoto sita, majina yote. Mzee. Mwalimu. Nikaandika: Aimée, miaka minne. Hapo kalamu ikasimama, kwa sababu mbele ya jina la kila mtu mna nafasi ya kuandika alichosema.

"Andika," akasema Mama Julie.

"Mama, kanuni ni kuandika kinachosikika."

"Minye nasikia." Alikuwa amefumba macho. "Andika vile naisikia. Moya. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Sita. Munane. Kenda. Kumi."

Nikaandika. Ndiyo mara ya kwanza katika kazi yangu kuandika kitu ambacho hakimo kwenye bande, na sijutii. Jean-Luc alipokuwa anaingiza fomu kwenye kompyuta, alihesabu kwa kidole, akafurahi kwamba namba za Kiswahili anazijua. Akanionyesha kosa. Saba imesahauliwa, akasema, niongeze?

Nikamwambia haijasahauliwa.